Presha, Upepo na Kanieneo: Istilahi za Gari Lisilowaka Asubuhi

Katika gereji za Ngamiani na Chumbageni, mjini Tanga, mwenye gari haji na istilahi. Huja na malalamiko: "Fundi, asubuhi haliwaki mpaka nipige stata mara kumi." Fundi naye, akiisha kusikiliza, hujibu kwa neno moja: "Presha hiyo, mzee." Mazungumzo huishia hapo na kazi huanza. Pampu hununuliwa, plagi hubadilishwa, na kesho yake alfajiri gari likikataa vile vile lawama humwangukia fundi, ambaye pengine mikono yake haina kosa lolote. Kilichopotea njiani ni maana. Presha ya kitu gani, mahali gani, na wakati gani?

Makala haya yamekusudia kueleza istilahi chache zinazohusu uwashaji wa injini ya petroli na usafirishaji wa mafuta yake, tukiongozwa na magari ya mbio ya zamani. Tumechagua magari hayo kwa sababu ugonjwa huu ndani yake huonekana wazi, na pia kwa sababu yana historia katika nchi zetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari la Datsun 240Z lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na likashinda tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ni gari la silinda sita, injini yake ina sentimeta za ujazo 2393, na mafuta yake hugawiwa na kabureta mbili. Wapenzi wa magari ya aina hiyo bado wapo Afrika ya Mashariki, na tangu mwaka 2003 yamekuwako mashindano ya pekee ya magari ya zamani yenye makao yake Kenya.

Tuanze na neno baridi. Vitabu vya kigeni vya ufundi vina sura nzima juu ya kuwasha injini ikiwa baridi, na msomaji wa Tanga huweza kuiruka sura hiyo akidhani kwamba imeandikiwa nchi za theluji. Pwani yetu haijui baridi ya namna hiyo. Hata wakati wa kipupwe, mnamo mwezi wa Julai, alfajiri ya Tanga huwa karibu nyuzi 20 za Selsiasi. Lakini injini haipimwi kwa hali ya hewa. Injini inayofanya kazi sawasawa hukaa katika nyuzi 80 na zaidi, kwa hiyo ile iliyolala usiku kucha Raskazone na kuamka na nyuzi 24 ni injini baridi kabisa, ingawa mwenyewe anatokwa na jasho akiiwasha. Gari lilo hilo likipandishwa Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, hukuta baridi mbili kwa pamoja, ya injini na ya mlima. Ndiyo maana yako magari ambayo hayajapata kulalamika miaka mingi pwani, yakalala usiku mmoja milimani Usambara na kukataa kuwaka.

Tumeona mahali pengine tendo hili likiitwa "mwanzo baridi", tafsiri ya neno kwa neno. Istilahi hiyo haifai. Mswahili akiisikia atafikiri habari za kuingia kwa kipupwe. Twapendekeza mwasho wa asubuhi, ambalo linakaribiana na mafundi wanavyosema wenyewe, na katika maandishi yanayotaka uangalifu zaidi, mwasho wa injini baridi. Kinyume chake ni mwasho wa injini moto, ambao tutaufikia baadaye, kwa kuwa Tanga ndio wenye taabu zaidi.

Kwa nini injini baridi ihitaji mafuta mengi? Petroli haiungui ikiwa maji maji. Hapana budi igeuke mvuke kwanza na kuchanganyika na hewa. Injini iliyokwisha pata joto hutosheka na gramu 1 ya petroli kwa gramu 14 au 15 za hewa. Iliyo baridi hupoteza sehemu kubwa ya petroli ile, maana matone hushikamana na kuta za njia ya hewa na za silinda badala ya kugeuka mvuke. Lazima basi yatiwe mafuta zaidi ili ule mvuke uliopatikana utoshe kushika cheche.

Lugha za kigeni husema kwamba mchanganyiko huo ni "tajiri", na wa kinyume chake "umekonda". Baadhi ya wanafunzi wetu wa vyuo vya ufundi wameyachukua maneno hayo kama yalivyo, wakawa wanaandika habari za "petroli tajiri". Kwa maoni yetu hakuna haja ya kwenda mbali wakati jikoni kwetu tuna jozi iliyo kamili. Mchuzi huwa umekolea au huwa chapwa. Mpishi hukoleza chumvi, hukoleza rangi, na hata moto hukolezwa. Basi mchanganyiko uliokolea ni wenye mafuta mengi, mchanganyiko chapwa ni wenye mafuta machache, na tendo la kuongeza mafuta wakati wa mwasho wa asubuhi ni kukoleza. Neno hili lina faida nyingine kubwa: linanyambulika bila kulazimishwa. Gari lenye mkolezo wa kupita kiasi hutoa moshi mweusi, hunuka petroli na plagi zake hulowa. Na kifaa cha kukolezea chaweza kuitwa kikolezi.

Hapo twakutana na choki. Neno limekwisha enea nchi nzima wala hatukusudii kuling'oa. Ila msomaji afahamu kwamba limebeba maana ya kukaba, kwa sababu katika kabureta nyingi kile kibati huziba njia ya hewa ili mafuta yavutwe kwa wingi. Aliyebuni kwa ajili yake neno la kuziba hewa hakukosea kwa kabureta hizo. Kabureta za Datsun 240Z, hata hivyo, hazizibi hewa hata kidogo. Mkono wa choki ukivutwa, tundu la mafuta huteremshwa chini ya sindano yake iliyochongoka, nafasi kati ya sindano na tundu ikapanuka, na petroli zaidi ikapita. Fundi anayetafuta kibati cha kuziba hewa katika kabureta ya namna hii atatafuta hadi jioni. Kwa hiyo kikolezi ni neno pana kuliko choki, nasi twaona yafaa choki ibaki kuwa jina la ule mkono avutao dereva.

Tugeukie sasa njia ya mafuta kutoka tangini. Neno bomba tulilipata kwa Wareno, na kwao lilikuwa na maana ya chombo cha kuvutia maji. Katika Kiswahili lilikaa na maana hiyo pamoja na ile ya mfereji wa chuma, na mpaka leo watu husema bomba la baiskeli. Manahodha wa Pangani na Tanga walikuwa na neno lao la kale zaidi, kufua maji, yaani kuyakumba kutoka ngamani na kuyamwaga baharini, lakini hilo ni la kata na ndoo. Katika gereji mgawanyo umekwisha fanyika wenyewe: pampu ni kinachosukuma, bomba ni kinachopitisha, na mpira ni bomba linalopindika. Twauunga mkono. Mtu akiandika "bomba la mafuta limekufa" hatujui kama atoboe mfuko anunue pampu au akate kipande cha mpira.

Ndani ya pampu ya kale inayosukumwa na injini mna kitu ambacho mafundi hukiita dayaframu. Hicho chafaa kuitwa kiwambo. Asili yake ni kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma, na ndivyo kilivyo: utando uliokazwa pande zote, unaovutwa chini na kuachiwa, ukifyonza mafuta kutoka tangini na kuyasukuma kwenye kabureta. Kiwambo kikipasuka au kukakamaa, pampu huchoka. Kadhalika katika kabureta mna boya, neno ambalo hakuna mvuvi wa pwani hii asiyelijua. Boya likielea juu huisukuma sindano izibe mlango wa mafuta, likishuka huufungua.

Kwa maneno hayo machache twaweza sasa kufuata ugonjwa. Gari linahitaji stata ndefu asubuhi, kisha likishawaka linakwenda vizuri siku nzima. Fundi mwangalifu hutazama kwanza betri na cheche, maana mafuta husingiziwa mengi. Cheche ikiwa njema, hufungua mfuniko wa kabureta kabla ya kupiga stata. Akikuta bakuli la boya kavu, amejua nusu ya habari: mafuta yaliyokuwamo yamegeuka mvuke kwa joto la injini baada ya kuzimwa, na pampu inalazimika kulijaza bakuli upya. Swali linalofuata ni kama bomba nalo lilikuwa tupu. Pampu ina vali za kuzuia mafuta yasirudi tangini; zikichakaa, mafuta hurudi polepole usiku kucha. Akiungia geji kati ya pampu na kabureta, akawasha na kuzima injini, na mshale ukaanguka mara moja hadi sufuri, basi huenda ni vali za pampu au sindano ya boya isiyoziba. Geji ikituliza mshale kwa muda na hali bakuli hukauka, ugonjwa ni wa joto wala pampu haina hatia. Na ikiwa bakuli limejaa na injini haiwaki, atazame kikolezi: waya wa choki umekatika au tundu limekwama lisiteremke.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye presha.

Neno hili katika gereji zetu hubeba mizigo minne kwa uchache. Kuna presha ya mafuta yaendayo kwenye injini. Kuna presha ya oili inayolainisha vyuma, na hapa mambo huwa mabaya zaidi kwa sababu vitabu vingine huita yote mawili mafuta, hali mafundi hutenga mafuta na oili. Kuna presha ya silinda, ile nguvu ya pistoni kuibana hewa. Na kuna ya tairi, ambayo kwa bahati njema ina jina lake, upepo. Hatujapata kumsikia mtu wa Tanga akiomba atiliwe presha gurudumuni. Mtu akiambiwa "gari hili halina presha" naye akafahamu silinda, atafungua kichwa cha injini, kazi ya siku mbili na gasketi mpya, hali kilichohitajiwa ni chujio la mafuta.

Istilahi tatu zimetolewa mahali pa presha. Shinikizo limefaulu sana katika elimu ya tiba, na linajulikana na wengi wenye shinikizo la damu. Mgandamizo hutumiwa kwa maana ya kushindilia kitu kikapungua ukubwa. Kanieneo liliundwa kwa ajili ya fizikia kutokana na kani na eneo, yaani kani ikigawanywa kwa eneo inaloangukia. Wako waliolicheka neno hili walipolisikia mara ya kwanza, wakisema ni la darasani. Sisi twaliona kuwa katika maneno ya sayansi ni miongoni mwa yaliyoundwa vizuri, kwa kuwa mwenye kulitamka amekwisha tamka kanuni yake. Ushauri wetu ni huu: kanieneo liwe la mafuta na oili, kila moja likitajwa kwa jina lake, mgandamizo uwe wa silinda, ambako kweli hewa hugandamizwa, upepo uachiwe tairi. Na iandikwe kanieneo ya mafuta, katika ngeli ya kani ambayo ndiyo kichwa cha neno, wala isiandikwe "la mafuta" kwa kufuata eneo.

Jina peke yake halitoshi bila kipimo. Geji nyingi zilizomo gerejini huhesabu kwa pauni katika inchi ya mraba, na vitabu vya Ulaya huhesabu kwa bar, ambayo moja ni sawa na pauni 14.5. Pampu ya kiwambo ya gari la kabureta kama Datsun 240Z husukuma kwa pauni 4 hivi tu. Ikipita sana hapo, boya hushindwa kuizuia na kabureta hufurika. Magari yanayonyunyiza mafuta ni jambo jingine. Mfumo wa Bosch wa D-Jetronic, uliotokea mwaka 1967 katika Volkswagen 1600, hutumia bar 2 hivi. L-Jetronic uliofuata hutumia bar 2.5, yaani pauni 36. Na K-Jetronic, uliotiwa katika Porsche 911 mwaka 1973, hukaribia bar 5, ambazo ni pauni zaidi ya 70. Basi pauni 30 ni kifo kwa gari moja, uzima kwa jingine, na hatari kwa la tatu. Mpira uliotengenezwa kwa pauni 4 za kabureta ukifungwa katika njia ya pauni 70 hutumbuka, na petroli hunyunyizika juu ya eksozi iliyo moto. Tunataja hayo kwa sababu mpira wa namna zote mbili huweza kuuzwa kwa mita katika duka lile lile, na mnunuzi aliyesema "nipe mpira wa mafuta" amepewa alichoomba.

Tumesema kunyunyiza, na huenda msomaji amezoea kudunga. Kudunga ni kutoboa na kuingiza, kama afanyavyo mganga kwa sindano. Katika injini hizi hakuna kinachotobolewa, petroli hurushwa kama manyunyu mbele ya vali ya hewa. Kifaa chake twakiita kinyunyizi. Mafundi husema nozeli, neno walilolitoa katika injini za dizeli, nalo ni jema kwa mazungumzo.

Katika mifumo hiyo mwasho wa asubuhi una kinyunyizi chake cha ziada, ambacho hufanya kazi kwa sekunde chache wakati stata inazunguka na injini ikiwa baridi. Kinachokiongoza ni swichi ya joto na muda: ndani yake mna kibati cha metali mbili kinachopinda kwa joto la injini na pia kwa joto la umeme unaokipitia, kikipinda hukata umeme. Injini ikiwa baridi zaidi, swichi huchelewa kukata. Kwa joto la Tanga kazi ya kinyunyizi hiki ni fupi mno, na katika baadhi ya magari hata haianzi. Chaweza kufa miaka mitatu kabla ya mwenyewe kwenda Lushoto na kukijua. Kikivuja, kwa upande mwingine, taabu huonekana pwani kwanza, nayo ni mkolezo usiotakiwa kwa injini iliyo moto.

Mfumo wa K-Jetronic una mtego wa lugha ambao yafaa tuueleze kwa kirefu kidogo. Ndani yake mna kanieneo mbili. Moja ni kanieneo ya mfumo, ile ya pampu. Ya pili hutokana na hiyo ya kwanza, nayo hukandamiza juu ya kijiti kinachogawa mafuta. Twaiita kanieneo ya uongozi. Ikiwa kubwa, kijiti huzuiwa na mafuta hupungua. Ikiwa ndogo, kijiti hupanda kwa urahisi na mafuta huongezeka. Kwa hiyo injini baridi hutaka kanieneo ya uongozi iwe ndogo, pengine bar 1.5 au 2 kufuatana na joto la siku ile, na inapopata moto hupandishwa polepole hadi bar 3.5 hivi. Sasa mtu aseme "presha ni ndogo." Kama amepima ya mfumo, pampu au chujio ni vya kutazamwa. Kama amepima ya uongozi, huenda ametoa habari njema. Pampu ya gari la aina hiyo ni ghali na huagizwa kutoka nje, na ikibadilishwa kwa sababu ya neno lililokosa kivumishi, fedha yake hairudi.

Kuhusu mwasho wa injini moto, neno linalopoteza watu ni hewa. Gari huzimwa sokoni adhuhuri, dakika 20 baadaye halitaki kuwaka, na fundi husema "limevuta hewa." Akisema hivyo atatafuta tundu, atakaza vifungo, atabadili mipira. Lakini kilichomo katika bomba mara nyingi si hewa iliyotoka nje. Ni petroli yenyewe iliyochemka. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka hata kabla ya nyuzi 40, na katika Datsun 240Z kabureta zimekaa juu ya njia ya eksozi, upande mmoja wa injini, mahali pa kuchemshia hasa. Pampu iliyozoea kusukuma maji maji haiwezi kusukuma povu. Hali hii twaiita mkwamo wa mvuke. Tiba yake ni kuzuia joto: kufunika bomba, kuweka bati la kukinga kati ya eksozi na kabureta, kufungua boneti gari linapoegeshwa.

Magari ya kunyunyiza hujikinga kwa kuweka mafuta chini ya kanieneo hata baada ya injini kuzimwa, maana petroli iliyobanwa huchelewa kuchemka. Hiyo twaiita kanieneo baki. Hupimwa kwa kuacha geji palepale baada ya kuzima na kuiangalia baada ya dakika 10 na 20, na anayeipima azime sigara na kuondoa jiko la muuza kahawa, kisha aifungue njia ya mafuta polepole akiwa ameizungushia kitambaa. Ikianguka upesi, mafuta yanatoka mahali fulani: vali ya pampu, kinyunyizi, au kile kikopo chenye springi na kiwambo ndani yake, kinachohifadhi mafuta yaliyobanwa.

Kikopo hicho bado hakina jina. "Kilimbikizi" limependekezwa, nalo latufaa kwa maana, ila ni refu kwa kinywa cha mtu aliyelala chini ya gari. Wengine husema "akiba", na wengine "chupa". Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda lilipowekwa Chongoleani mwaka 2017, maneno ya pampu, kanieneo na bomba yamekuwa pia maneno ya watu wanaotafuta kazi katika mkoa huu, na kifaa cha namna hiyo hupatikana katika mitambo mingi mikubwa kuliko gari. Mafundi wa Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe wanaokiita kwa jina jingine wanaombwa watuletee, pamoja na sentensi moja ya namna wanavyolitumia kazini.